Kwa Nini Yona Alikimbia? Kukisoma Upya Kitabu Tunachodhani Tunakijua

Ndugu msomaji, kuna vitabu vya Maandiko Matakatifu ambavyo tumevisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, hata somo linapoanza kusomwa masikio yetu huwa yamekwisha kufika mwisho. Kitabu cha Nabii Yona ni kimojawapo. Mkristo akiulizwa habari zake, hujibu mara moja: samaki. Lakini kitabu hiki chenye sura 4 na aya 48 kinamtaja samaki katika aya 3 tu.

Kwa miaka mingi sisi wenyewe tulihubiri kwamba Yona alikimbia kwa sababu ya woga. Ninawi ulikuwa mji mkubwa wa Waashuru kando ya mto Tigri, karibu na Mosul ya leo nchini Iraki. Nani asingeogopa kuingia humo peke yake na ujumbe wa hukumu? Kwaresima moja tulieleza hivyo katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Mama mmoja mzee alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole: “Baba Padre, huo woga umeandikwa wapi?” Tulifungua Biblia tukautafuta. Mabaharia ndio walioiogopa tufani. Yona alikuwa amelala usingizi mzito chini ya merikebu.

Sura ya kwanza inatuambia kwamba Yona alishuka Yafa na kupanda merikebu ya kwenda Tarshishi ili aende mbali na uso wa Bwana. Sababu haielezwi. Mwandishi ameificha hadi sura ya 4, baada ya Ninawi kutubu na kusamehewa. Hapo Yona, akiwa amejaa hasira, anafungua moyo wake: alikimbia kwa kuwa alijua kwamba Mungu ni mwenye huruma na si mwepesi wa hasira. Sifa hizo alizifunua Mungu mwenyewe kwa Musa katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, na Israeli ilizitumia kumtukuza. Yona anazigeuza kuwa lawama.

Ndiyo maana anayefika sura ya 4 hana budi kurudi sura ya kwanza. Safari hii ataona mambo yaliyompita. Atawaona mabaharia wapagani wakisali huku nabii amelala. Atamsikia Yona akishukuru kwa kuokolewa kutoka vilindini, kisha akiudhika wengine walipookolewa. Ataona pia kwamba katika Kiebrania tendo moja la Mungu, kuweka tayari, limerudiwa mara 4: kwa samaki, kwa mmea wa kivuli, kwa buu na kwa upepo wa joto. Mungu hakuwa akiitafuta Ninawi peke yake. Muda wote alikuwa akimtafuta nabii wake.

Tusiharakishe kumcheka Yona. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 14, kinamtaja Yona mwana wa Amitai kuwa nabii katika ufalme wa kaskazini. Ufalme huo ndio ulioangushwa na Waashuru mnamo mwaka 722 kabla ya Kristo, na watu wake wakapelekwa uhamishoni. Wasomaji wa kitabu hiki walijua uchungu huo. Kidonda cha Yona ni cha kweli, kama vilivyo vidonda vyetu. Yupo ndugu aliyetudhulumu shamba la urithi, na Dominika hii amerudi kanisani na kupanga foleni ya kitubio. Furaha yetu iko wapi? Mara nyingi tunaketi kando, kama Yona upande wa mashariki wa mji, tukisubiri tuone litakalompata. Nasi makuhani hatujitoi: twaweza kutamka maneno ya maondoleo huku moyo wetu ukisitasita.

Ipo sababu nyingine ya kukichukua kitabu hiki wenyewe nyumbani. Jumatano ya juma la kwanza la Kwaresima tunasoma sura ya 3, na Dominika ya III ya Mwaka B tunasoma sehemu ya sura hiyo hiyo. Masomo yote mawili yanakoma Ninawi inaposamehewa. Anayesikiliza masomo ya Dominika pekee hafiki kamwe kwenye hasira ya nabii, wala kwenye swali la Mungu.

Mtakatifu Gregori Mkuu alifundisha kwamba Maandiko Matakatifu hukua pamoja na yule anayeyasoma. Aya hazibadiliki, sisi ndio tunaorudi na makovu mapya. Basi tukisome kitabu chote kwa mkao mmoja, jambo lisilozidi nusu saa. Kila tunaposema “tunajua”, tujiulize kama yule mama: imeandikwa wapi?

Mwishoni Mungu anamwuliza Yona kama haimpasi kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia. Kitabu kinaishia hapo. Jibu la Yona halikuandikwa. Kabla ya kukifunga, tumtaje kimya kimya mtu mmoja ambaye hatutaki asamehewe, kisha tulisome swali hilo mara ya pili.

Tumsifu Yesu Kristo!