Mfuatano wa Nyakati katika Visa vya Shujaa: Liongo, Sungura na Zelda

Chapwa, karibu na Tunduma katika Mkoa wa Songwe, ni mbali sana na Lamu na Pate. Lugha ya nyumbani kwa wengi wa sehemu hizo ni Kinyamwanga, nacho husemwa pia ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde. Kwani mpaka waliopatana Waingereza na Wadachi mwaka 1890 ulipita katikati ya nchi ya watu hao, wala wenyewe hawakuulizwa. Hata hivyo mwanafunzi wa Chapwa afikapo shule ya sekondari aweza kukutana na Fumo Liongo kama akutanavyo naye mwanafunzi wa Mombasa, na swali limjialo upesi ni lile lile: aliishi lini? Kijana mwenzake, ambaye jioni hushinda mbele ya kioo cha mchezo wa video, huuliza swali la jinsi hiyo juu ya Link, shujaa wa mfululizo uitwao The Legend of Zelda: katika visa vyake, kipi kilitangulia na kipi kilifuata? Maswali haya mawili yanafanana kuliko inavyodhaniwa, na la pili, ijapokuwa ni la mchezo, laweza kuliangaza la kwanza.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba si visa vyote vidaivyo nyakati. Ngano za Sungura hazina haja nazo hata kidogo. Jioni moja Sungura hunaswa kisimani na Kobe aliyepakwa ulimbo gambani, akahukumiwa kufa. Jioni ya pili yu mzima, anamdanganya Fisi. Hapana mtoto anayemkatiza bibi yake kwa kusema kuwa jana alikwisha kufa. Ndivyo alivyo pia Kalulu, Sungura wa Kibemba na wa Kinyanja, ambaye mtu wa mpakani humsikia mara kwa mara. Swali la nyakati huzaliwa pale kisa kinapojifunga na ukoo wa watawala au na jina la mji. Mradi pametajwa mfalme, msikilizaji atataka kujua baba yake. Na mradi pametajwa mji, atataka kujua ulivunjika lini.

Visa vya Zelda vilijifunga hivyo tangu mwanzo. Mchezo wa kwanza ulitolewa Japani na kampuni ya Nintendo mwezi wa Februari 1986, chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Ndani yake mna watu watatu ambao hurudi karibu kila mara: Link, kijana mwenye upanga, Zelda, binti wa nyumba ya kifalme ya nchi ya Hyrule, na Ganon, adui atakaye nguvu ya enzi. Mchezo wa pili, wa mwaka 1987, ulimwendeleza Link yule yule. Lakini wa tatu, A Link to the Past, wa mwaka 1991, ulirudi nyuma katika zama zilizotangulia, na Link wake ni mtu mwingine mwenye jina lile. Tangu hapo jina hilo likawa kama cheo, apewacho kila ajaye kuifanya kazi ile.

Shida kubwa ilikuja na Ocarina of Time, mwaka 1998. Shujaa analala usingizi wa miaka saba, anaamka akiwa mtu mzima, anamshinda adui, kisha anarudishwa utotoni mwake. Basi pana nyakati mbili zilizobaki: ile aliyoiacha nyuma, ambamo watu walimwona akishinda, na ile aliyorudishwa, ambamo mambo hayo hayajatukia. The Wind Waker, wa mwaka 2002, unaendeleza wakati wa kwanza: Hyrule imefunikwa na bahari, na watu wa kisiwa kimoja huwavika wavulana wao nguo za kijani wakifika umri wa shujaa wa kale, bila ya kujua sana kwa nini. Majora's Mask (2000) na Twilight Princess (2006) yanashika wakati wa pili. Lakini visa vya zamani, vya 1986 na 1991, vingewekwa wapi? Jibu lilitolewa mwezi wa Desemba 2011 katika kitabu Hyrule Historia. Skyward Sword, mchezo uliotoka mwaka ule ule, uliwekwa mwanzo wa yote. Baada ya Ocarina of Time historia iligawanyika matawi matatu, na la tatu ni lile ambalo shujaa alishindwa akafa. Tawi hilo halionekani katika mchezo wenyewe kuwa ni mwisho wa kisa. Lilibuniwa ili visa vilivyokwisha simuliwa vipate mahali pa kukaa. Kwa maneno mengine, mfuatano ulikuja miaka 25 baada ya kisa cha kwanza, na kazi yake ilikuwa kupatanisha. Breath of the Wild, wa mwaka 2017, uliwekwa mbali sana mwishoni, hata haikubainishwa waziwazi ni mwisho wa tawi lipi.

Sasa tumtazame Liongo. Mambo ambayo wasimulizi wake hushikana nayo ni mengi: nguvu zake na ushairi wake, kifungo chake, mama yake anayempelekea tupa ndani ya mkate kwa mkono wa kijakazi Saada, kelele za ngoma zinazoficha sauti ya tupa ikikata pingu, mwana anayemsaliti, sindano ya shaba kitovuni, na maiti iliyopiga goti kisimani na upinde mkononi, hata watu wasithubutu kuteka maji. Haya hayatikisiki, kama vile upanga, binti mfalme na adui havitikisiki katika Hyrule. Kinachotikisika ni mfalme, mji na zama.

Katika masimulizi aliyoyapata Edward Steere huko Unguja na kuyachapisha mwaka 1870, Liongo amewekwa katika siku za kusitawi kwa Shanga. Magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, yalichimbuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, na ikabainika kuwa watu walikaa hapo toka karne ya 8 hata mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo msimulizi wa Steere, ajapokuwa hakutaja mwaka, amemweka shujaa wake kabla ya kiasi cha 1425. Utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, wasema vingine. Humo mpinzani wa Liongo ni Daudi Mringwari, Sultani wa Pate, na Wagala wana sehemu kubwa: wanafika Pate, wanasikia sifa za Liongo, wanataka mbegu yake, na mwana wa ndoa ile ndiye atakayekuja kumwua babaye. Lakini Wagala, yaani Waoromo, hawakufika karibu na pwani hiyo ila katika karne ya 16 na ya 17. Baina ya kuhamwa kwa Shanga na kufika kwa Wagala pana pengo la zaidi ya miaka 100. Mtu mmoja hawezi kuliziba, awe na nguvu namna gani.

Wataalamu wamelishughulikia pengo hilo kwa njia mbalimbali. Wako waliomrudisha Liongo nyuma kabla ya mwaka 1000, na wako waliomleta hata karne ya 17. Ibrahim Noor Shariff aliandika mwaka 1991 makala nzima juu ya swali la kuwako kwake kihistoria. Wengine hutegemea lugha: nyimbo zinazonasibishwa na Liongo zina maneno ya Kingozi, basi ni za kale. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyoonekana, maana washairi wa kaskazini walipenda kutumia maneno makongwe kwa makusudi, na ukongwe wa neno si ukongwe wa ubeti. Takhmisa ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir yaonyesha jambo hilo vizuri. Mtungaji huyo aliishi katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Alitwaa maneno yaliyopokewa kuwa ni ya Liongo, akayatangulizia mishororo mitatu yake mwenyewe, hata kila ubeti ukawa na mishororo mitano. Kwa hiyo ubeti mmoja una zama mbili ndani yake. Wala Habari za Pate, ambazo huwapanga masultani kwa miaka toka mwanzo wa karne ya 13, haziwezi kuwa kipimo. Neville Chittick alitia shaka kubwa katika tarehe zake za mwanzo mwaka 1969.

Kupasua matawi, kama walivyofanya wenye Zelda, ni ruhusa kwa mwenye kubuni nchi yake mwenyewe. Kwa Liongo haiwezekani kusema kuwa alikufa mara mbili. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kuvitazama visa hivi kama udongo wa magofu, tabaka juu ya tabaka. Kila msimulizi amemfunga Liongo na enzi au hofu aliyoijua. Kwa mtu wa Unguja wa siku za Steere, Shanga ilikuwa ni jina la ukale wenyewe. Kwa Kijumwa wa Lamu, Wagala walikuwa ni habari za babu zake. Hayo hayakanushi kwamba palikuwa na mtu. Hata leo huonyeshwa kaburi lake karibu na Kipini, kwenye mlango wa Mto Tana. Tena jina lake lataka hadhari. Fumo ni cheo cha mtawala, na masultani wa Pate kadha wa kadha walikuwa nacho, kama Fumo Madi. Mtu wa Chapwa aliyezoea kusikia imfumu kwa Kibemba na mfumu kwa Kinyanja atalitambua neno hilo pasipo kamusi. Yamkini matendo ya mafumo zaidi ya mmoja yamekusanywa chini ya jina la mmoja, kama vile Link wengi walivyo Link mmoja.

Jambo hili lina uzito darasani. Mwalimu akiandika ubaoni karne moja tu, na mtihani ukaidai karne hiyo, basi ama Steere ama Kijumwa atahesabiwa mwongo, na mwanafunzi hatasoma tena ile sehemu isiyopatana na jibu. Lina uzito zaidi kwa masimulizi ya Chapwa kwenyewe. Kitabu cha Monica Wilson juu ya watu wa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika, kilichotoka mwaka 1958, kilikusanya habari za asili za watawala, Wanyamwanga na Wanyiha miongoni mwao. David Henige alionya mwaka 1974 kwamba orodha ya wafalme ikisha kuchapishwa hurudi vinywani mwa wazee, na atakayekuja kuuliza baadaye atasimuliwa kitabu akidhani amesimuliwa na kale. Hyrule Historia umefanya hivyo hivyo: tangu 2011 ni vigumu kumpata mchezaji azungumzaye juu ya visa hivyo bila ya kutaja matawi matatu. Basi akusanyaye habari upande wa Tunduma na upande wa Nakonde, akikuta orodha mbili zisizolingana, aziandike zote mbili mbalimbali, pamoja na jina la kijiji, mwaka wa kusimuliwa, na kama msimulizi amepata kusoma kitabu hicho au kusomewa.