Kwa Nini Hairuhusiwi Kupanda Mlima Kenya Peke Yako

Wakazi wengi wanaoishi chini ya Mlima Kenya huuona kila asubuhi kabla ya mawingu kuufunika, na huuhesabu kuwa jirani. Hata hivyo, kanuni za Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya haziruhusu mtu kupanda peke yake, awe mgeni au mwenyeji. Kanuni hiyo ina sababu, hasa wakati wa theluji.

Theluji huanguka lini?

Mlima Kenya hauna majira ya baridi kama ya Ulaya. Theluji yake hufuata mvua: kuanzia Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Mvua inayonyesha mashambani huweza kuwa theluji karibu na vilele. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kilele cha Lenana, ambacho wapandaji wengi hukilenga, kiko mita 4,985. Kwa hivyo siku ambayo Nanyuki ina nyuzi 20, Lenana huwa karibu na sufuri, na usiku hushuka zaidi.

Hatari zilizopo

Kwanza, theluji hufunika njia na alama zake. Ukungu ukitanda, hata anayeijua njia huweza kupotea. Alfajiri theluji huwa imeganda na huteleza sana.

Pili, nguo zilizolowa hupoteza joto la mwili upesi. Mtu hutetemeka, kisha ulimi huwa mzito na miguu hujikwaa. Kutetemeka kukikoma ilhali bado ana baridi, hali ni mbaya zaidi.

Tatu, hewa ya juu ni nyepesi. Dalili za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Anayepepesuka kama mlevi, au kuhema hata akiwa amepumzika, anapaswa kuteremshwa mara moja, hata kama ni usiku.

Baridi na uhaba wa hewa huvuruga akili kabla ya kuangusha mwili. Mgonjwa mara nyingi husema yuko sawa na kutaka kuendelea. Ni mwenzake anayeona kwamba anapepesuka, na ndiye anayemgeuza. Aliye peke yake hana wa kumwona.

Kabla ya kupanda

• Panda na mwelekezi anayetambuliwa, na ujisajili langoni unapoingia na unapotoka.
• Mwachie mtu wa nyumbani ratiba yako: njia, kambi na siku ya kurudi. Mtandao wa simu haupatikani kila mahali.
• Ukipita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala usiku uliotangulia.
• Beba koti lisilopitisha maji, sweta ya sufu, glavu, kofia, tochi na miwani ya jua. Usitegemee nguo za pamba, kwani zikilowa hazikaushiki upesi.
• Anza safari mapema. Mara nyingi mawingu hupanda kufikia adhuhuri.

Dharura ikitokea, mwarifu askari wa mbuga aliye karibu au piga 999 au 112. Hali ya hewa ikiharibika, geuka. Kilele kitakuwepo msimu ujao.