Friza Moja, Baridi Tatu

Friza ya biashara yenye vyumba vya baridi tofauti ni kabati moja linalotunza vyakula visivyoelewana. Mgahawa wa samaki wa Pwani huhitaji karibu nyuzi 0 za sentigredi kwa jodari wa kupikwa leo, nyuzi 18 chini ya sifuri kwa kamba wa wiki ijayo, na kama nyuzi 13 chini ya sifuri kwa aiskrimu ya kuchotwa, maana ikiganda zaidi ya hapo kijiko hakiingii.

Tofauti hizo zinatokana na chakula chenyewe. Maji yaliyomo mwilini mwa samaki yamechanganyika na chumvi na protini, kwa hiyo hayagandi penye sifuri. Huanza kuganda kati ya nyuzi 1 na 2 chini yake, na baridi ikifika nyuzi 5 chini ya sifuri, takriban robo tatu yake yameshakuwa barafu. Hapo katikati ndipo pabaya kukawia. Samaki akipapita polepole, barafu hujijenga kwa chembe kubwa zinazopasua seli, na siku ya kuyeyushwa hutoka maji mengi na nyama ikalegea. Akipapita upesi, chembe hubaki ndogo.

Friza nyingi za dukani zimeundwa kutunza kilichokwisha kuganda. Kugandisha kwa wingi ni kazi ya mashine nyingine, yenye feni kali na baridi kubwa zaidi. Mwenye bucha anayejaza nyama ya moto moto jioni moja huiharibu hiyo mpya, na huipasha joto ile ya zamani iliyo pembeni.

Namba 18 yenyewe haina muujiza: ni sifuri ya kipimo cha Fahrenheit iliyogeuzwa kuwa sentigredi. Inafaa tu kwa sababu vijidudu huacha kuzaliana kabla ya kufika hapo. Huacha kuzaliana, lakini wengi hawafi. Mafuta ya samaki nayo huendelea kuchacha taratibu, ndiyo maana vibua hawadumu kama changu. Jodari ana hatari yake ya pekee: akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini mwilini mwake, na sumu hiyo haiondolewi na friza wala na moto wa jikoni.

Wanunuzi wengi huuliza lita kwanza. Swali lenye maana zaidi ni kila chumba kinapata wapi baridi yake. Baadhi ya mashine zina kompresa moja na kidhibiti joto kimoja, na chumba cha pili hupokea hewa inayopenyezwa kutoka cha kwanza. Mlango wa kimoja ukifunguliwa mara kwa mara, kingine huyumba. Zenye kompresa mbili ni ghali, ila moja ikifa nusu ya mali hupona.

Swali la pili ni hali ya hewa. Kwenye friji na friza za nyumbani, kibandiko chenye herufi T maana yake imepimwa kufanya kazi hadi nyuzi 43 za joto la nje, na N huishia 32. Za biashara hutumia namba: daraja la 3 hupimwa kwenye nyuzi 25, la 4 kwenye 30, la 5 kwenye 40. Jiko la Mombasa au Dar es Salaam lenye majiko yanayowaka mchana kutwa hulishinda daraja la 3 mapema sana.

Gesi ya kupozea pia ina uzito wake. Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, miongoni mwake R-404A, ambayo kilo moja yake huzidi kilo moja ya hewa ya ukaa karibu mara 3,900. R-290, ambayo ni propani, haina balaa hilo, ila inashika moto, na haitaki fundi wa kubahatisha.

Utunzaji ni kazi ya mikono. Friza haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka ndani na kulitupa nje kupitia koili. Koili zikijaa vumbi na mafuta ya jikoni, au kabati likibanwa ukutani, joto hukosa pa kwenda na kompresa huungua. Pwani, upepo wa chumvi hula mapezi ya aluminiamu ya koili, kwa hiyo brashi laini kila mwezi si anasa. Mpira wa mlango hupimwa kwa noti: ifungiwe mlangoni, ikivutika bila ukinzani, mpira umechoka. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhimili karibu saa 48, na iliyojaa nusu huhimili saa 24. Ukirudi, kompresa ipewe dakika chache za kusubiri. Kidhibiti umeme chenye ucheleweshaji hufanya hivyo chenyewe.

Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua kuna tundu. Fundi anayeijaza kila baada ya miezi michache bila kulitafuta tundu hilo hajatengeneza friza.