Kutazama Nyota Chini ya Mawingu ya Uluguru: Msimu Upi, Kifaa Kipi

Wananchi wa Manispaa ya Morogoro wanaopenda kutazama nyota, sayari na mwezi hukutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni mawingu yanayotanda juu ya Milima ya Uluguru na kufunika anga ya mji, hasa wakati wa masika. Cha pili ni uchaguzi wa darubini. Familia ikitumia akiba yake kununua kifaa kisichofaa, kifaa hicho huishia kabatini na hamu ya mtoto aliyekiomba hupotea. Vikwazo hivyo vinahusiana, kwa kuwa anayeifahamu tabia ya mawingu ya eneo lake ndiye anayeweza kuchagua kifaa kwa usahihi.

Msamvu ni mfano mzuri wa hali hiyo. Eneo hilo ni lango la mji, mahali ambapo safari kutoka Dar es Salaam hugawanyika kuelekea Dodoma na Iringa. Usiku, taa za kituo cha mabasi, magari na maduka huangaza anga na kufifisha nyota hafifu. Milima nayo huziba sehemu ya chini ya upeo wa macho. Hata hivyo, Morogoro iko takribani nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na nafasi hiyo humwezesha mkazi wake kuona karibu nyota zote za kaskazini na kusini katika kipindi cha mwaka mmoja. Fursa hiyo haipatikani kwa mkazi wa London wala wa Cape Town.

Kwa nini mawingu hukaa Uluguru

Milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ipo katika njia ya upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi. Upepo huo unapogonga mteremko wa mashariki hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, na ikifikia kiwango fulani cha ubaridi mvuke wake hugeuka kuwa matone ya wingu. Ndiyo sababu mteremko wa mashariki hupata mvua nyingi, huku upande wa mji wa Morogoro, ulio kaskazini na magharibi mwa safu hiyo, ukipata mvua kidogo zaidi.

Maana yake kwa mtazamaji wa nyota ni kwamba wingu linaloonekana kileleni si lazima liwe limefunika anga yote. Mara nyingi kofia ya wingu hubaki juu ya mlima wakati anga ya kaskazini na magharibi ikiwa wazi. Aidha, mawingu ya mafungu yanayojengwa na joto la mchana hupungua nguvu baada ya jua kuzama, kwa kuwa ardhi huacha kuipasha hewa. Anayekata tamaa saa 12 jioni anaweza kukosa anga safi ya saa 4 usiku.

Kalenda ya anga safi

Kwa mgawanyo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kaskazini mwa Mkoa wa Morogoro ni miongoni mwa maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kipupwe cha Juni hadi Agosti, pamoja na Septemba, ndicho kipindi chenye matumaini makubwa zaidi ya usiku mkavu. Januari na Februari huleta nafasi nyingine, ingawa si ya uhakika.

Wazee wa pwani walikwisha kuunganisha nyota na mvua kabla ya darubini kufika Afrika Mashariki. Kundi la nyota liitwalo Kilimia, ambalo jina lake linatokana na kulima, lilitumika kuashiria majira ya shamba. Methali husema: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Mtazamaji wa Morogoro anaweza kuihakiki mwenyewe. Mwezi Mei, masika yakiwa hayajaisha, Kilimia hupotea katika mwanga wa machweo. Mwezi Juni, kipupwe kikianza, huonekana tena upande wa mashariki kabla ya mapambazuko.

Kila msimu una vitu vyake vya kutazama. Juni na Julai, Msalaba wa Kusini huwa juu ya Uluguru mapema usiku, ukifikia kimo cha takribani nyuzi 37 kutoka upeo wa macho, hivyo milima haiufichi. Agosti, kundi la Nge na kitovu cha Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi. Januari, nje ya mwanga wa mji, huonekana Mawingu ya Magellan, ambayo licha ya jina hilo ni makundi makubwa ya nyota yaliyo nje ya Njia ya Maziwa.

Tofauti ya misimu huonekana pia katika matukio makubwa. Kupatwa kwa jua kwa Septemba 1, 2016, ambako mwezi ulibakiza pete ya mwanga kwa takribani dakika 3, kulitokea wakati wa kiangazi na kuwakusanya wananchi wengi Rujewa, wilayani Mbarali. Kupatwa kikamilifu kwa mwezi Julai 27, 2018 kulidumu saa 1 na dakika 43, kukiwa kurefu kuliko kote kwa karne hii. Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa kikamilifu kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Matukio yote hayo yaliangukia miezi mikavu.

Matukio mawili yajayo hayafanani kwa msimu. Agosti 2, 2027, jua litapatwa kikamilifu katika njia inayopita Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, na Tanzania itaona kupatwa kwa sehemu tu, mchana wa kipupwe. Desemba 31, 2028, mwezi utapatwa kikamilifu kati ya takribani saa 1 na robo na saa 2 na nusu usiku, katika kipindi ambacho mvua haziko mbali. Kwa tukio la kwanza, mwananchi anaweza kujipanga mapema akiwa na matumaini. Kwa la pili, atahitaji kufuatilia utabiri wa TMA na kuwa tayari kutumia upenyo wowote utakaojitokeza.

Kuchagua kifaa kulingana na mawingu

Matangazo mengi ya darubini husifu ukuzaji, kwa mfano mara 500 au zaidi. Takwimu hiyo haitoshi kupima ubora. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga, na uwezo huo hutegemea kipenyo cha lenzi au kioo chake kikuu. Mboni ya jicho gizani hupanuka hadi takribani milimita 7. Lenzi ya milimita 70 ina kipenyo mara 10 zaidi, hivyo hukusanya mwanga mara 100 zaidi. Kwa kawaida ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Darubini ya milimita 70 inayodaiwa kukuza mara 500 itaonesha picha kubwa, hafifu na yenye ukungu.

Kifaa cha kuanzia ni macho yenyewe. Hayahitaji maandalizi, na ndiyo yanayofaa zaidi kwa vimondo na kwa kujifunza makundi ya nyota.

Kifaa cha pili ni darubini ya mkononi ya macho mawili, kama zile zinazotumiwa na watalii mbugani. Iliyoandikwa 10x50 hukuza mara 10 na ina lenzi za mbele zenye kipenyo cha milimita 50, hivyo kila lenzi hukusanya mwanga takribani mara 50 kuliko jicho. Ikiegemezwa ukutani ili isitikisike, huonesha makovu ya mwezi, nyota nyingi za Kilimia na miezi minne mikubwa ya Mshtarii, ileile aliyoigundua Galileo mwaka 1610. Faida yake kubwa kwa mkazi wa Msamvu ni wepesi. Mawingu yakifunguka kwa dakika 10, dakika zote hizo zitatumika kutazama.

Kifaa cha tatu ni darubini ya lenzi ya milimita 70 hadi 80, juu ya stendi imara ya miguu mitatu. Kwa ukuzaji wa mara 35 tu, pete za Zohali huanza kujitenga na sayari. Stendi inayotikisika huharibu kazi ya lenzi nzuri, hivyo mnunuzi anashauriwa kuikagua stendi kwa umakini uleule anaoutumia kukagua lenzi.

Kifaa cha nne ni darubini ya kioo ya milimita 114 hadi 150. Hii hukusanya mwanga mwingi zaidi, lakini ni nzito, na kioo kikubwa kilichotoka ndani ya nyumba yenye joto huhitaji muda wa kulingana na hewa ya nje kabla ya kutoa picha tulivu. Huwafaa wenye usiku mrefu wa kipupwe na mahali pa giza. Gharama yake inaweza kupunguzwa kwa kutumia kitako cha sanduku la mbao, ubunifu uliosambazwa na John Dobson wa San Francisco, nchini Marekani. Kitako hicho fundi seremala anaweza kukitengeneza kwa mbao za kawaida, huku kioo na lenzi vikinunuliwa.

Kwa hiyo, anayeishi chini ya anga yenye mawingu ya mara kwa mara hunufaika zaidi na kifaa kidogo kinachotoka nje haraka kuliko kikubwa kinachosubiri usiku kamili. Kwa shule, darubini kadhaa za mkononi huwahudumia wanafunzi wengi kwa wakati mmoja, ilhali darubini moja kubwa huleta foleni, na wingu huweza kufika kabla ya zamu ya mwisho.

Unyevu ni adui mwingine. Lenzi iliyofungiwa ikiwa na umande huota kuvu, na kuvu ikikomaa hula utando wa kioo. Kifaa kinapaswa kukauka kabla ya kufunikwa, kisha kihifadhiwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Vumbi lipeperushwe taratibu. Kusugua kwa kitambaa cha kawaida huacha mikwaruzo.

Kazi ya usiku wa mawingu

Usiku uliofunikwa nao una kazi. Wataalamu wa hali ya hewa hupima mawingu kwa kuigawa anga katika sehemu nane na kueleza ni ngapi zimefunikwa. Mwanafunzi anaweza kufanya hivyo kila siku saa 2 usiku na kuandika katika daftari. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na kumbukumbu ya mtaa wake mwenyewe, itakayomwonesha miezi ya kujiandaa na miezi ya kusoma. Programu ya Stellarium, ambayo hupatikana bila malipo kwa kompyuta, humwezesha kuona ramani ya anga ya tarehe na mahali anapotaka hata mvua ikinyesha.

Utabiri wa TMA hutolewa kwa vipindi tofauti, ukiwemo wa saa 24, wa siku 10, wa mwezi na wa msimu. Wa msimu husaidia kupanga mwezi wa shughuli ya shule, na wa saa 24 husaidia kuamua kama wanafunzi wakusanyike jioni hiyo. Wanaohitaji kuondoka kwenye mwanga wa Msamvu wanashauriwa kwenda kwa vikundi, wakiwa na ruhusa ya mwenye eneo au mkuu wa shule. Wasio na nafasi hiyo wanaweza kubaki nyumbani na kutazama mwezi na sayari, kwani mwanga wa taa hauziathiri sana.

Usalama wa macho

Jua halipaswi kutazamwa moja kwa moja kwa macho, wala kwa darubini ya aina yoyote isiyo na kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya lenzi. Darubini hukusanya joto pamoja na mwanga, na jeraha linaweza kutokea kwa muda mfupi mno. Ndani ya jicho, retina haina hisia ya maumivu, hivyo mtu anaweza kuumia bila kujua. Wingu jepesi halitoi kinga. Filamu za eksirei, miwani ya kawaida ya jua, chupa za rangi na sahani za CD hazifai. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua inapaswa kukidhi kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2 na kutokuwa na mkwaruzo wala tundu.

Njia isiyo na gharama ni kutoboa tundu dogo katika karatasi ngumu, kulipa jua mgongo na kutazama taswira yake inavyoangukia karatasi nyeupe. Walimu na wazazi wanayo nafasi ya kuwafundisha watoto njia hiyo kabla ya Agosti 2, 2027, na kufanya nao mazoezi katika siku yoyote yenye jua. Kupatwa kwa mwezi, kwa upande mwingine, hakuna madhara kwa macho na hakuhitaji kifaa chochote.