Fahamu: Asidi ya korosho inayochunguzwa kwa ajili ya kisukari

Mbangua korosho wa Chiwata, Masasi au Newala anayajua vizuri mafuta ya ganda: hubabua vidole na kuacha ngozi nyeusi iliyochubuka. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadiki, na ndiyo iliyowavutia wanasayansi.

Mwaka 2010, watafiti wa Cameroon na Kanada walichapisha matokeo ya majaribio yao. Walijaribu majani, magome, mabibo na korosho zenyewe juu ya seli za misuli zilizokuzwa maabara. Dondoo ya korosho pekee ndiyo iliyozifanya seli zivute sukari zaidi, na asidi hiyo ilipojaribiwa peke yake ilifanya vivyo hivyo. Asidi hiyo hupunguza ufanisi wa vinu vya nishati ndani ya seli. Seli, ikihisi njaa, huwasha kimeng'enya cha AMPK kinachofungulia sukari njia.

Metformin, dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, nayo huamsha AMPK, na asili yake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Lakini mmea wenyewe ni sumu. Ilibidi wakemia waunde molekuli iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa.

Seli za maabara si mwili wa mgonjwa. Mafuta ya ganda hayanywewi kamwe, na anayetumia vidonge au insulini asiviache kwa sababu ya korosho.