Senene Katika Nyumba ya Watu Wengi

Wanafunzi wetu wa Bukoba na Muleba! Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni hili: SE-NE-NE. Lisomeni pamoja nami.

Senene huja wakati wa mvua, hasa Novemba na Desemba. Wanapenda mwanga, kwa hiyo usiku hukusanyika penye taa. Alfajiri hutafutwa majanini, maana baridi huwazuia kuruka.

Sasa tazameni nyumba yenye watoto wanane, nusu yao vijana. Kijana akiitwa kuondoa majani makavu ya migomba, hasikii. Mama akinong'ona "senene", huyo, ametoka na ndoo! Ikifika kazi ya kunyonyoa mabawa na miguu, kila mmoja anaumwa vidole. Mzima ni yule tu anayekwenda jikoni kuonja chumvi. Lakini senene hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Mama haulizi nani ameonja. Hutazama midomo inayong'aa.

Hapo kuna jambo zito kidogo. Desturi ya zamani ya Wahaya ilikuwa hivi: wanawake walikusanya senene na kuwapika, lakini hawakuwala. Siku hizi wanawake wengi wanakula. Babu, ambaye ni mtani wa wajukuu wake, humchokoza binti: "Wewe si mwanamke? Waachie wanaume."

Binti hujibu: "Haya, babu. Basi kaa hapa unyonyoe."

Babu hucheka, kisha humsogezea bakuli.

Sasa andikeni: Binti amenyonyoa senene. Binti anakula senene.