Bawa, Mkia na Mizani: Kwa Nini Abiria wa Ndege Ndogo Hupimwa Uzito

Abiria anayesafiri kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia, au kutoka Arusha kwenda viwanja vya Serengeti, aghalabu huombwa jambo ambalo abiria wa ndege kubwa haombwi: apande mizani yeye mwenyewe, pamoja na begi lake. Wapo wanaoona haya, wapo wanaokasirika, na wapo wanaodhani kuwa ni hila ya kuwatoza fedha za ziada. Tumeona vema tulieleze jambo hili kuanzia kwenye ndege yenyewe, kwa kuwa msafiri anayefahamu sehemu za ndege na kazi zake hutambua kwa urahisi lipi la kulivumilia na lipi la kulihoji.

Tuichukue Cessna Caravan, ndege iliyozoeleka sana katika safari za namna hiyo. Mbele pana injini moja inayozungusha rafadha, ambayo wengi huiita panga boi. Nyuma yake ni kiwiliwili, wanamoketi rubani na abiria. Juu ya kiwiliwili yamelazwa mabawa, ambayo kutoka ncha hadi ncha yana urefu wa karibu mita 16, na ndani yake ndimo mafuta yanamohifadhiwa. Chini yapo magurudumu matatu yasiyokunjwa na, katika nyingi ya ndege hizi, sanduku la mizigo lililofungwa tumboni. Mwisho kabisa ni mkia. Ndege kubwa ya abiria 300 ina sehemu hizo hizo, ila injini zake kwa kawaida huning'inia chini ya mabawa na magurudumu yake hukunjwa.

Ndege inapokuwa angani hutawaliwa na kani nne. Uzito huivuta chini, injini huipeleka mbele, hewa huikinza, na bawa huiinua. Tatu za kwanza hazina fumbo. Ya nne imeelezwa vibaya mara nyingi, hata katika vitabu vya shule, hivyo tutaikalia kidogo.

Husemwa kwamba mgongo wa bawa umebenuka, kwa hiyo hewa ipitayo juu ina safari ndefu na hulazimika kukimbia ili ikutane na ile ya chini kwenye ukingo wa nyuma. Sivyo. Hakuna kinachozilazimisha hewa hizo mbili kukutana, na majaribio yameonyesha kuwa ile ya juu hutangulia kufika. Tena kama kubenuka kwa mgongo kungekuwa ndiyo siri yote, ndege za maonyesho zisingeweza kuruka kichwa chini. Kinachotokea ni kwamba bawa hukaa limeinuka kidogo upande wa mbele, na hewa inayolipitia, juu na chini, hupinda kulifuata na kuachwa ikielekea chini. Bawa linapoipeleka hewa chini, hewa nayo hulisukuma bawa juu. Kanieneo ya hewa iliyo juu ya bawa huwa ndogo kuliko ya iliyo chini yake. Nahodha wa jahazi anaijua kanuni hii bila kuisoma, kwani tanga lake likipata upepo wa ubavuni huugeuza upepo huo na kukivuta chombo mbele. Bawa ni tanga lililolazwa.

Nguvu ya kuinua hutegemea mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ndiyo maana ndege haina budi kukimbia kwanza ardhini, na hupendelea kukimbia ikiukabili upepo. Hutegemea pia pembe ya bawa, lakini kwa kiasi. Pembe ikizidi takriban digrii 15, hewa huachana na mgongo wa bawa na nguvu hupungua ghafla, hata kama injini inanguruma vizuri. Tunaomba msomaji aishike hoja hiyo, tutairudia. Na hutegemea wingi wa hewa. Nairobi, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na jua la mchana huizidisha wepesi. Ndege ile ile, katika njia ya kurukia yenye urefu ule ule, haiwezi kubeba huko mzigo inaoubeba Dar es Salaam. Abiria anayeambiwa saa nane mchana kuwa ndege itapunguza mizigo, ilhali asubuhi haikupunguza, huenda anaambiwa kweli tupu.

Vile vibao vinavyoteremka nyuma ya bawa wakati wa kutua, pamoja na mlio wake unaowashtua wengi, huongeza mpindo wa bawa ili ndege ishuke kwa mwendo mdogo bila kuanguka. Vile vidogo vilivyo karibu na ncha, vinavyopishana kupanda na kushuka, huilaza ndege upande mmoja ili ikate kona.

Mkia ndio unaotuleta kwenye mizani. Sehemu yake ya wima ina usukani wa kugeuza pua kushoto na kulia. Sehemu ya ulalo ina kibao cha kuinua na kuishusha pua hiyo, na kwacho rubani huilinda ile pembe ya bawa. Mfikirie mchukuzi wa mzega: mitungi ikilingana hutembea bila taabu, lakini ule wa nyuma ukizidi, mti humponyoka begani. Bega la ndege liko karibu na bawa. Mizigo na watu wakizidi nyuma, mkia huelemewa, pua huinuka, na rubani aweza kukosa nguvu za kuirudisha kabla pembe haijapita kiasi.

Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka huko Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waligundua kuwa kibao cha mkia kilikuwa kimefungwa vibaya karakanani, na kosa hilo likazidishwa na uzito uliokaa nyuma kupita mpaka. Uzito wa abiria ulikuwa umekadiriwa kwa wastani ambao haukulingana tena na miili ya watu. Wenye mamlaka nchini humo wakaamuru wastani huo uongezwe.

Katika ndege ya watu 150 wazito na wepesi hufidiana, na makadirio hutosha. Katika ndege ya watu 12 hayatoshi. Caravan inaruhusiwa kuruka na uzito wa karibu tani 4, wenyewe ukiwamo. Mafuta yakijazwa pomoni peke yake hufikia takriban kilo 1,000. Kila abiria kati ya hao 12 akificha kilo 5 mfukoni na kwapani, ndege imepakia kilo 60, yaani mtu mzima asiyeandikwa popote. Kwa hiyo usihamie kiti kingine kabla ya kumwuliza rubani, hata kama kiti cha nyuma kiko wazi na mwenzako amekaa huko.

Kwa upande wako, uliza kabla ya kulipa nauli: ni kilo ngapi zinaruhusiwa, na je, begi gumu linakubaliwa? Wengi huruhusu kilo 15 au 20 na hutaka begi laini, kwa kuwa milango ya sanduku la tumboni ni midogo. Kwenye mizani, omba uonyeshwe kipimo, na si utovu wa adabu kuomba kisitangazwe kwa sauti mbele ya watu. Begi likiachwa, usiondoke bila karatasi inayotaja uzito wake, sababu ya kuachwa na safari litakayofuata. Ukiwa katika safari ya kimataifa inayotawaliwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, peleka lalamiko lako kwa maandishi: begi lililoharibika, ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kabisa ndani ya siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, una haki ya kulidai kama lililopotea. Kitunze kile kipande cha namba ya begi kilichobandikwa kwenye pasi yako ya kupandia, maana ndicho kitakachoulizwa kwanza.